Kusimamia kompyuta na seva kadhaa za nyumbani kupitia kivinjari: njia ipi ni salama na haichoshi?

Sauti_ya_Feni

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba ushauri katika jambo ambalo nimelisomea kwa muda bila kufikia uamuzi.

Nyumbani kuna mashine saba zinazohitaji uangalizi. Ya kwanza ni kompyuta ndogo inayoendesha Proxmox VE (mfumo wa kuendesha mashine nyingi za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), na ndani yake kuna mashine pepe chache pamoja na kontena (mazingira madogo yaliyotengwa ya kuendeshea programu) lenye huduma ya filamu na muziki inayotumiwa na familia nzima. Ya pili ni kompyuta kongwe ya mezani yenye Debian (aina ya Linux), ambayo diski zake ndizo zinazotunza picha na nyaraka. Ya tatu ina Ubuntu Server na inaendesha makontena kadhaa ya Docker. Ya nne ni Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) inayojibu maulizo ya DNS, yaani kugeuza majina kuwa anwani, ya nyumba nzima, na kwa sababu hiyo haizimwi. Zilizobaki ni kompyuta ya mezani ya Linux ninayofanyia kazi, na kompyuta mpakato mbili za Windows ambazo si zangu, ingawa kila zinapokwama mimi ndiye ninayeitwa.

Kwa sasa naingia katika kila mashine kwa SSH (njia salama ya kutoa amri kutoka mbali), moja baada ya nyingine, na naona kwamba njia hii inanificha mambo: diski hujaa bila mimi kujua, masasisho hurundikana kwenye mashine ambayo sijaigusa kwa muda mrefu, na huduma ikifa, watu wa nyumbani hugundua kabla yangu. Ninachotamani ni ukurasa mmoja ndani ya kivinjari, utakaonionyesha mashine zilizo hewani, nafasi iliyobaki kwenye diski, joto la kichakataji na masasisho yanayosubiri, na ambao kupitia huo nitaweza kuanzisha upya huduma, kufungua dirisha la amri na kuamsha kompyuta iliyolala. Ningependa pia kuufikia nikiwa mbali na nyumbani, na mwanafamilia mmoja apewe uwezo wa kuanzisha upya huduma ya filamu pekee bila kugusa kitu kingine.

Nimesoma kuhusu programu za usimamizi kama Cockpit, Webmin, Portainer na nyingine nyingi, na kila mtu huisifu ile anayoitumia. Je, ipo moja inayotosha? Na je, ni sahihi kufungua poti (mlango wa mtandao wenye namba) kwenye ruta ili niufikie ukurasa huo kutoka nje, mradi nenosiri ni refu?

Bahari_Shwari

Ndugu Sauti_ya_Feni, ndani ya swali lako mna kazi tatu tofauti. Kuna kuona hali ya mashine, kuna kubadilisha mambo ndani ya mashine, na kuna kuingia kwenye skrini ya kompyuta ya mtu mwingine ili umsaidie. Programu nyingi hufanya moja kati ya hizo vizuri na nyingine kwa kubahatisha, kwa hiyo ningekushauri uache kutafuta programu moja, utafute mbili au tatu ndogo zisizoingiliana.

Kwa mashine zako za Debian, Ubuntu na ile Linux ya mezani ningeanza na Cockpit, mradi uliokuzwa na Red Hat na unaopatikana katika hazina za kawaida za mifumo hiyo yote. Sababu yangu kubwa ni kwamba haina hifadhidata yake wala orodha yake ya watumiaji. Unaingia kwa jina na nenosiri lilelile la mfumo, kupitia PAM (sehemu ya Linux inayothibitisha watumiaji), na kila unachobadilisha hupelekwa moja kwa moja kwa systemd, NetworkManager, udisks au PackageKit, yaani programu za mfumo zinazosimamia huduma, mtandao, diski na masasisho. Ndiyo maana ukibadilisha kitu kwa amri, ukurasa huonyesha badiliko hilo papo hapo, na ukiiondoa Cockpit kesho hakuna kinachovunjika. Husikiliza kwenye poti 9090, lakini anayesikiliza hasa ni systemd. Programu yenyewe huamshwa mtu anapofungua ukurasa na hujizima baada ya muda mfupi pasipo mtumiaji, hivyo hata Raspberry Pi yako haitahisi uzito wake.

Kwenye Ubuntu Server utakutana na kero moja ambayo ni vyema uijue mapema. Mfumo huo kwa kawaida husimamia mtandao kwa systemd-networkd kupitia Netplan, ilhali PackageKit huiuliza NetworkManager kama mtandao upo. Matokeo yake ukurasa wa masasisho hudai kwamba mashine haina mtandao, ingawa wewe unausoma ukurasa huo kupitia mtandao huohuo. Tiba iliyoelezwa na wasanifu wenyewe ni kuunda kiunganishi bandia cha mtandao kinachosimamiwa na NetworkManager. Tiba nyingine ni kuikabidhi NetworkManager mtandao wote wa mashine, lakini hiyo uifanye ukiwa umekaa mbele ya mashine yenyewe, kwa sababu kosa dogo litakufungia nje.

Webmin ni ya zamani zaidi. Jamie Cameron aliitoa mwaka 1997, imeandikwa kwa Perl, na husikiliza kwenye poti 10000. Uwezo wake ni mpana kuliko wa Cockpit: inajua kuhariri mipangilio ya Apache, BIND, Postfix, Samba na vingine vingi, kwa kuziandika faili zilizo chini ya /etc. Kama ungekuwa na seva ya barua pepe au DNS yenye kanda nyingi, ningekuambia uichukue. Kwa nyumba kama yako naona ni mamlaka mengi kuliko kazi iliyopo, maana seva yake ya wavuti huendeshwa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) muda wote.

Proxmox usiiongezee chochote. Tayari ina ukurasa wake kwenye poti 8006, na kuweka Cockpit juu ya mashine hiyohiyo huleta NetworkManager mahali ambapo haihitajiki. Tena huko ndiko utakakopata jibu la ombi lako kuhusu mwanafamilia: mfungulie akaunti ndani ya Proxmox, kisha mpe nafasi, yaani seti ya haki, iitwayo PVEVMUser kwenye njia ya kontena lile tu, yaani /vm/ ikifuatiwa na namba yake. Akiingia ataona kontena hilo peke yake, na ataweza kuliwasha, kulizima na kufungua dirisha lake. Nafasi hiyo inaruhusu pia kuchukua nakala rudufu. Ukiona ni nyingi mno, unaweza kutunga nafasi yako yenye haki mbili, VM.Audit na VM.PowerMgmt.

Kuhusu Portainer, inafaa kwa makontena ya Docker, na ina wakala mdogo unaosikiliza poti 9001 ili ukurasa mmoja usimamie mashine kadhaa. Kumbuka tu kwamba anayeifikia soketi ya Docker (mahali Docker inapopokelea amri) ana uwezo wa root juu ya mashine nzima, kwa sababu anaweza kuanzisha kontena linaloibeba diski yote. Akaunti ya msimamizi wa Portainer, kwa hiyo, ilindwe kama akaunti ya root.

Kitasa_cha_Chuma

Nakubaliana na mengi aliyoyaandika Bahari_Shwari, ila kuna jambo ambalo hakuligusia, na kwangu ndilo kiini cha swali, kwa sababu muulizaji ametamka maneno "ukurasa mmoja".

Cockpit kwa miaka mingi ilikuwa na uwezo wa kuongeza mashine nyingine: unaingia katika mashine ya kwanza, na kutoka hapo, kupitia SSH, unahamia ya pili na ya tatu bila kubadilisha anwani kwenye kivinjari. Ni raha kuitumia. Shida ni namna inavyofanya kazi. Unapohamia mashine ya pili, kurasa unazoziona, pamoja na JavaScript yake, hutoka katika mashine hiyo ya pili, na kivinjari huziendesha zote chini ya anwani moja kana kwamba zimetoka mahali pamoja. Kinga ya kivinjari inayotenganisha tovuti moja na nyingine haiwezi kusaidia hapo, maana kwa macho yake hakuna tovuti mbili. Mashine moja ikiwa imetekwa, kurasa zake zinaweza kutoa amri kwa mashine nyingine zote ulizounganishwa nazo katika kikao hichohicho, kwa mamlaka uliyo nayo wewe.

Tafakari hilo kwa nyumba ya Sauti_ya_Feni. Mashine iliyo dhaifu kuliko zote pengine ni ile ya Docker, kwa kuwa ndiyo yenye programu nyingi kutoka kwa watu wengi, na iliyo na thamani kuliko zote ni ile ya Debian yenye picha na nyaraka. Kwa kuziunganisha kwenye kikao kimoja umeipa iliyo dhaifu njia ya kufikia iliyo na thamani, njia ambayo haikuwepo hapo kabla.

Wasanifu wa Cockpit wenyewe waliliona hili, na mwaka 2024 walitangaza kwamba kipengele hicho kinaachwa. Katika matoleo mapya kimezimwa tangu mwanzo, na anayekitaka hulazimika kuandika AllowMultiHost=yes chini ya sehemu ya WebService katika faili /etc/cockpit/cockpit.conf. Bado utakutana na maelekezo mengi ya zamani yanayoanza na "ongeza mashine zako zote hapa". Yasome ukijua yaliandikwa lini.

Njia mbadala si ngumu. Kila mashine iwe na Cockpit yake na jina lake, kwa mfano faili.home.arpa na docker.home.arpa, kisha utengeneze ukurasa mwepesi wa viungo tu, usio na nenosiri la mashine yoyote ndani yake. Jina la home.arpa halikuchaguliwa ovyo. Limetengwa rasmi kwa mitandao ya nyumbani na RFC 8375 (waraka rasmi wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2018, kwa hiyo halitagongana na jina la mtu yeyote kwenye intaneti, na Raspberry Pi yako inayojibu DNS inaweza kuyatangaza majina hayo leo hii. Majina tofauti huifanya kila mashine kuwa tovuti tofauti mbele ya kivinjari, na kinga niliyoitaja inarudi kazini. Ukipendelea dirisha moja, ipo Cockpit Client, programu ya mezani inayopatikana kwa Flatpak (njia ya kusakinisha programu kwenye Linux), ambayo hufungua kila mashine kwa SSH kutoka kwenye kompyuta yako bila kupita katika seva ya kati.

Jambo la mwisho upande wangu: usitumie nenosiri moja kwenye mashine zote. Ukifanya hivyo, kutenganisha majina kunapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Nahodha64

Nijibu swali la poti, kwa sababu limepitwa hadi sasa.

Usifungue 9090, 8006, 10000 wala 9443 (ya Portainer) kwenye ruta, hata nenosiri likiwa na herufi mia. Nenosiri hulinda mlango wa kuingilia ukurasani. Haliulindi ukurasa dhidi ya kasoro zilizomo katika programu kabla ya kufika kwenye nenosiri. Mfano uliowahi kutokea ni wa Webmin. Mwaka 2019 ilibainika kwamba vifurushi vya matoleo ya 1.890 hadi 1.920 vilikuwa na mlango wa nyuma uliopandikizwa na mtu asiyejulikana katika mashine ya kuandalia vifurushi, si katika msimbo uliokuwa wazi kwa wote. Kwa toleo la 1.890 mlango huo ulikuwa wazi katika mipangilio ya kawaida, na aliyeweza kuufikia ukurasa aliweza kuendesha amri kwa mamlaka ya root bila nenosiri lolote. Toleo la 1.930 ndilo lililoufunga. Siandiki haya ili kuibeza Webmin, maana programu yoyote ya aina hii inaweza kupatwa na jambo kama hilo; waliokuwa na ukurasa huo ndani ya mtandao wa nyumbani pekee walisoma habari ile kwa utulivu zaidi kuliko wenzao.

Weka WireGuard, yaani VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na ruta nyingi za kisasa zinayo tayari. Unafungua poti moja tu ya UDP, kwa desturi 51820, na mtu asiye na ufunguo akiigonga hapati jibu lolote, hata la kumkatalia, hivyo mpekuzi hajui kama kuna kitu hapo. Ufunguo wa simu yako na wa kompyuta yako mpakato uwe tofauti, ili kimoja kikipotea ukifute hicho bila kuvuruga kingine. Kwenye AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopita humo) ya simu andika mtandao wa nyumbani pekee, na mawasiliano mengine yaendelee kupita njia yake ya kawaida.

Kikwazo kinachowapata wengi ni kwamba mtoa huduma wa intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Angalia anwani ya nje ndani ya ukurasa wa ruta. Ikianzia katika eneo la 100.64.0.0/10, au ikitofautiana na ile ambayo tovuti za nje zinaiona, basi hakuna poti utakayoifungua ikafanya kazi. Hapo unachagua kati ya Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard na hutafuta njia ya kupenya yenyewe, na kukodi seva ndogo ya nje itakayokuwa kituo cha kukutania. Ukichagua seva, upande wa nyumbani uandike PersistentKeepalive = 25 ili njia isizibwe na ruta kwa ukimya.

Sasa kuhusu kuamsha kompyuta iliyolala, ambako watu hupoteza jioni nzima. Kifurushi cha kuamshia kina baiti 102: baiti 6 za FF, zikifuatiwa na anwani ya MAC ya kadi ya mtandao iliyorudiwa mara 16. Kwa kuwa kompyuta iliyolala haijibu kwa anwani yake ya IP, kifurushi hurushwa kwa mashine zote za mtandao wa ndani, na ruta hazipitishi mrusho wa namna hiyo kutoka nje. WireGuard nayo haiubebi. Kwa hiyo kifurushi lazima kitumwe na mashine iliyo macho ndani ya nyumba, na yako ipo tayari, yaani Raspberry Pi. Uipe amri ya wakeonlan, na wewe ukiwa popote uiambie iitumie. Kompyuta inayoamshwa iwe imechomekwa kwa waya, iruhusiwe kwenye BIOS, na kwa Linux uhakikishe kwa ethtool kwamba herufi g imewashwa kwenye mpangilio wa Wake-on. Kwa Windows zima ile njia ya kuwaka haraka, kwa sababu kuzima kwa namna hiyo huiacha kompyuta katika hali ambayo Windows haikubali kuamshwa kupitia mtandao.

Sauti_ya_Feni

Nawashukuru sana. Maelezo ya Kitasa_cha_Chuma yamebadilisha mpango wangu, na nimeangalia ruta: anwani yangu ya nje ni ya kwangu peke yangu, kwa hiyo WireGuard itawezekana bila seva ya kukodi.

Yamebaki matatu. Zile kompyuta mbili za Windows nizifanyeje, ikizingatiwa kwamba moja ina toleo la Home? Pili, nilikusudia kuweka Prometheus kwenye mashine ya Docker kwa ajili ya kuona hali za mashine zote, nami naona inatumia poti 9090 ileile ya Cockpit. Tatu, ninatarajia kupata kompyuta ndogo nyingine ya kuweka Proxmox. Je, niziunganishe hizo mbili kuwa kundi moja ili nizione kwenye ukurasa mmoja?

Mpiga_Ramani

Nianze na la tatu, maana ndilo lenye gharama kubwa ukikosea.

Kundi la Proxmox huamua mambo kwa wingi wa kura, na kila nodi (yaani kila mashine ya kundi) ina kura moja. Nodi zikiwa mbili, wingi ni kura mbili, kwa hiyo moja ikizimwa, hata kwa njia ya kawaida, iliyobaki haina tena wingi. Mashine pepe zilizokwisha kuwaka zinaendelea, lakini saraka ya /etc/pve hugeuka kuwa ya kusomwa tu, na huwezi kuanzisha mashine nyingine wala kubadilisha mpangilio mpaka mwenzake arudi au ulazimishe kwa amri ya pvecm expected 1. Kuna dawa: QDevice, ambayo ni kura ya tatu inayotolewa na mashine ndogo ya pembeni yenye huduma ya corosync-qnetd, na Raspberry Pi yako ingeweza kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo mimi nisingeunganisha. Kundi lina maana pale unapotaka kuhamisha mashine pepe kutoka nodi moja hadi nyingine mara kwa mara, na kuitoa nodi kwenye kundi baadaye ni kazi yenye masharti mengi. Kama shabaha ni kuziona mahali pamoja tu, tazama Proxmox Datacenter Manager, ambayo huunganisha nodi zisizo za kundi moja katika ukurasa mmoja bila kuzifunga pamoja kwa kura.

Kuhusu Windows, Cockpit haihusiki kabisa. Watu hukimbilia Apache Guacamole, ambayo ni nzuri, kwani hukuonyesha RDP na VNC (njia za kuona skrini ya mbali) na SSH ndani ya kivinjari bila kuweka kitu upande wako. Lakini Windows Home haikubali kupokea RDP. Inaweza kuunganisha kwenda nje tu. Kwa hali yako MeshCentral inafaa zaidi. Unaweka seva yake kwenye mashine pepe moja, kisha unaweka programu wakala katika kila kompyuta mpakato. Wakala ndiye anayepiga simu kwa seva, kwa hiyo hakuna poti inayofunguliwa kwenye Windows, na toleo la Home halina pingamizi. Utapata skrini, faili na dirisha la amri, na wakala mmoja anaweza kumwamsha jirani yake aliyelala katika mtandao uleule.

Nisisitize mambo mawili. Seva ya MeshCentral inaweza kuendesha amri kwenye kila kompyuta yenye wakala, kwa hiyo iwashie uthibitishaji wa hatua mbili tangu siku ya kwanza, na uiache nyuma ya WireGuard. Pia, kwa kuwa kompyuta hizo si zako, washa mpangilio unaomwomba mwenye kompyuta ridhaa kabla ya skrini yake kuonekana, na umweleze wakala huyo ni nini. Kuna watu ambao wangekasirika, tena kwa haki, wakigundua wenyewe.

Na kama mojawapo bado ina Windows 10, Microsoft ilimaliza usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo lishughulikie kabla ya wakala.

Bahari_Shwari

La poti ni jepesi. Ama uiambie Prometheus ihamie kwingine kwa --web.listen-address, na ukiwa ndani ya Docker inatosha kubadilisha namba ya upande wa nje, ama uihamishe Cockpit kwa systemctl edit cockpit.socket, ukiandika kwanza ListenStream= tupu ili kufuta ile ya zamani, kisha mstari wa pili wenye poti mpya. Usipoandika ule mstari mtupu, itasikiliza kwenye poti zote mbili na mgongano utabaki palepale.

Ila kabla ya hapo jiulize kama unaihitaji Prometheus. Kwa mashine saba utakuwa na Prometheus yenyewe, Grafana ya kuchorea, node_exporter ya kutoa vipimo kwenye kila mashine kwa poti 9100, na Alertmanager ya kutuma arifa, nayo yote yanahitaji kusasishwa na kutunzwa. Ni elimu nzuri kwa anayetaka kujifunza. Kwa anayetaka tu kujua kwamba diski imefika asilimia tisini, Beszel, yenye kituo kimoja na wakala mdogo kwa kila mashine, inatosha. Na kwa kujua kama huduma iko hai, Uptime Kuma inamaliza kazi. Zote mbili hutuma arifa, na kwa maoni yangu arifa ina thamani kuliko michoro, kwa sababu hakuna anayekaa akitazama michoro ya nyumbani kwake. Uptime Kuma usiiweke kwenye mashine ya Docker pamoja na huduma inazozichunga. Iweke kwenye Raspberry Pi, vinginevyo mashine ya Docker ikifa itakufa pamoja na mlinzi wake.

Kalamu_na_Karatasi

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo, nao ni kwamba ukurasa wa wavuti ni mahali pazuri pa kutazama na mahali pabaya pa kubadilisha. Unachokibadilisha kwa kubofya hakiachi maandishi. Diski ya Debian ikifa mwaka ujao, utakumbuka ulibofya nini na wapi?

Masasisho, watumiaji, funguo za SSH na mipangilio ya huduma ningeviandika kwa Ansible (programu inayotekeleza maelekezo kwenye mashine nyingi) na kuvihifadhi kwenye Git (hifadhi inayotunza historia ya mabadiliko). Haihitaji wakala, inatumia SSH ulizo nazo tayari, pamoja na Python upande wa pili. Ukiandika leo kwamba mashine za Debian na Ubuntu ziwe na unattended-upgrades (masasisho yanayojiendesha yenyewe), maelekezo yaleyale yataisimamisha mashine mpya baada ya ajali. Na kwa kuwa unapenda kivinjari, Semaphore hukupa ukurasa wenye vitufe vya kuendesha maelekezo hayo, pamoja na kumbukumbu ya nani aliendesha nini na lini. Cockpit ibaki kwa ajili ya kusoma kumbukumbu za mfumo na kutazama diski, kazi ambazo inazifanya vizuri sana.

Sauti_ya_Feni

Basi nitafanya hivi: WireGuard kwanza, halafu Cockpit kwenye kila mashine ya Linux isipokuwa Proxmox, kila moja kwa jina lake, Uptime Kuma na Beszel kwenye Raspberry Pi, na MeshCentral kwa zile mpakato baada ya kuzungumza na wenyewe. Kundi la Proxmox nimeliacha. Ansible nitaianza kwa masasisho pekee.

Swali dogo la mwisho: kivinjari kinalalamikia vyeti vya Cockpit kila ninapofungua. Naweza kupata vyeti vya Let's Encrypt (mtoaji wa vyeti vya bure) kwa yale majina ya home.arpa?

Kitasa_cha_Chuma

Kwa home.arpa haiwezekani, kwa kuwa hakuna mtu anayeimiliki na hivyo hakuna anayeweza kuthibitisha umiliki. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuunda mamlaka yako ndogo ya vyeti na kuiingiza katika kila kifaa unachotumia. Inafanya kazi, lakini kwenye simu ni usumbufu. Ya pili ni kusajili jina lako mwenyewe la intaneti na kutumia uthibitisho wa DNS-01, ambao hukagua rekodi ya DNS badala ya kuja kugonga poti yako, kwa hiyo mashine zinabaki ndani kama zilivyo. Omba cheti cha nyota kinachofunika majina yote ya chini, kwa sababu kila cheti kinachotolewa huandikwa katika daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na hakuna haja ya dunia kujua kwamba una mashine iitwayo faili.

Ubaya wa cheti cha nyota ni kwamba ufunguo mmoja utakaa kwenye mashine kadhaa. Ili kuepuka hilo, weka Caddy au Nginx (seva za wavuti zinazoweza kupokea maombi na kuyapeleka kwingine) kwenye mashine pepe moja ndogo, cheti kikae hapo tu, nayo ipeleke maombi kwa kila Cockpit. Upande wa Cockpit andika kwenye cockpit.conf mstari wa Origins wenye anwani kamili unayoiandika kwenye kivinjari, ikiwa na https mwanzoni. Usipouandika, ukurasa wa kuingilia utafunguka vizuri, kisha baada ya nenosiri utakuta skrini tupu, kwa sababu Cockpit hukataa WebSocket (muunganisho wa kudumu kati ya kivinjari na seva) inayotoka katika anwani isiyoitambua. Kwa Nginx hakikisha pia kwamba vichwa vya Upgrade na Connection vinapitishwa. Caddy hulifanya hilo yenyewe.